TUSIPAKE TUSICHOKIJUA

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nami leo nimeamua kufunua, hata kama uso utaniwaka kwa aibu. Mpenzi msomaji, kabla sijafika mbali natoa shukrani kwa Chama chetu cha Kiswahili na walimu walezi wetu kwa kunipa kurasa hizi. Mwaka jana niliwaletea shairi kuhusu usafi wa mazingira. Mwaka huu nina jambo zito zaidi, nalo limo nyumbani kwetu na limo bwenini mwetu.

Ilikuwa siku ya wageni, muhula wa kwanza, nikiwa kidato cha kwanza. Jua la Nakuru la mwezi wa pili mnalijua, na lile vumbi lake jeupe pia mnalijua. Mama alifika na kikapu cha chapati, mandazi na chupa ya chai. Yeye huuza chai na mandazi karibu na steji kule Njoro, na nikisema mandazi yake hayana mpinzani sijigambi. Ingawa joto lilikuwa kali, alikuwa amevaa sweta nzito ya mikono mirefu. Alipoinama kunimiminia chai, mkono wa sweta ukapanda na kiwiko kikaonekana. Ngozi ilikuwa imekuwa nene, nyeusi kuliko kwingine, na juu yake magamba makavu meupe kama maganda ya kitunguu saumu. Msichana tuliyeketi naye dawati moja akaninong'oneza, "Maze, huyo mathe wako ameshikwa na nini?"

Ndugu msomaji, nilijibu nini? Nilisema, "Huyo si mathe. Ni jirani tu, ametumwa aniletee chakula."

Mama alisikia. Hakusema neno. Aliteremsha mkono wa sweta, akafunga kikapu chake polepole, akaniaga kama jirani anavyoaga mtoto wa jirani. Maji yakimwagika hayazoleki. Tangu siku ile nina deni, na makala haya ni sehemu ya kulilipa.

Sasa njooni bwenini. Muhula uliopita msichana mmoja wa kidato cha kwanza, ambaye jina lake nitalihifadhi, aliugua koo. Majuma mawili hivi baadaye, akatokwa na vipele vidogo vidogo kifuani na mgongoni, vingi kama matone ya mvua yaliyoanguka kwenye vumbi. Wiki haikuisha kabla ya bweni zima kumpa ugonjwa. Huyu alisema ni choa. Yule akasema ni ukoma. Mwingine, ambaye mpaka leo sijui shahada yake ya udaktari aliipata wapi, akasema eti ametupiwa kitu kutoka nyumbani. Godoro lake likasukumwa hadi karibu na mlango. Hakuna aliyetaka kutumia beseni moja naye. Wenye huruma nao wakamletea dawa: mmoja magadi, mwingine kitunguu saumu kilichopondwa, wa tatu maji ya kutakasia nguo nyeupe. Maskini akapaka vyote. Asubuhi kifua kilikuwa kimechubuka kama mtu aliyemwagikiwa uji wa moto.

Mimi nilivitazama vile vipele nikashtuka. Magamba yale nilikuwa nimeyaona nyumbani.

Hoja yangu ni fupi, naiweka mbele ili asiwepo wa kusema sikueleweka. Sipingi dawa za nyumbani. Ninapinga kupaka kabla ya kujua. Na zaidi ya hapo ninapinga kumtenga mtu kabla ya kujua.

Mama alizunguka miaka sita bila kujua jina la kilichompata. Aliambiwa ni choa akapaka dawa ya choa. Aliambiwa ni ukurutu, ile wengine huita pumu ya ngozi, akapaka ya ukurutu. Mwishowe alipelekwa kwa daktari wa ngozi. Daktari hakutazama viwiko peke yake. Alitazama magoti, nyuma ya masikio, kichwani chini ya nywele, kiunoni, hata kucha, ambazo zilikuwa na vishimo vidogo kama mtondoo wa kushonea. Ndipo akamwambia, "Mama, hii ni soriasisi. Haiambukizi."

Soriasisi ni nini basi? Nitaeleza kwa mfano wa shule. Ngozi yetu hujijenga upya kila siku. Chembe mpya huzaliwa chini, hupanda juu, na za zamani hupukutika bila sisi kujua. Safari hiyo huchukua karibu mwezi mmoja. Sasa fikiria kengele ya shule imepigwa kabla ya wakati. Darasa la kwanza halijatoka, la pili linaingia, la tatu liko nyuma linasukuma, wote wamerundikana mlangoni. Ndivyo ilivyo ngozi ya mwenye soriasisi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hupiga kengele ya uongo, na safari ya mwezi mmoja hukimbiwa kwa siku chache tu. Ule mrundiko ndio yale magamba.

Vitabu vingi husema mabaka ya ugonjwa huu ni mekundu. Hiyo ni ngozi ya Mzungu. Kwenye ngozi yetu nyeusi mabaka huwa ya zambarau, ya kahawia au meusi zaidi, na magamba yake ni ya kijivujivu. Hii ni sababu moja ya ugonjwa huu kupitwa bila kutambuliwa hapa kwetu.

Wala tusidhani ni mkosi wa familia moja ya Njoro. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu wasiopungua milioni 100 ulimwenguni wanao. Mwaka wa 2014 mataifa wanachama wa shirika hilo yalipitisha azimio kwamba soriasisi ni ugonjwa wa kudumu usioambukiza, na kwamba wagonjwa wengi huumia kwa kutengwa na kwa kucheleweshewa matibabu. Huko Ulaya ulichanganywa na ukoma kwa karne nyingi, hadi daktari Ferdinand von Hebra wa Vienna alipoyatenga magonjwa hayo mawili mnamo 1841. Kwa hivyo bweni letu limechelewa kwa zaidi ya miaka 180! Na hata ukoma wenyewe, ambao kijidudu chake kilionwa na Hansen kule Norway mwaka 1873, siku hizi unatibiwa kwa vidonge ukapona. Hakuna ugonjwa wa ngozi unaostahili godoro kusukumwa mlangoni.

Sasa nifike kwenye dawa za nyumbani, maana hapa ndipo ubishi ulipo.

Kogo, yaani nyanya yangu mzaa mama, anaishi upande wa Mogotio, penye joto na mawe. Nyuma ya nyumba yake umeota mshubiri, ule mmea wa miiba pembeni ambao Wakalenjin huuita tangaratwet. Alipoona viwiko vya mama alikata jani, akaacha ule utomvu wa manjano udondoke, kisha akampaka ute wa ndani. Mama alisema ngozi ilipoa na kuwasha kukapungua. Je, Kogo alikosea? La hasha. Wataalamu wameujaribu ute wa mshubiri kwenye soriasisi. Majaribio mengine yameonyesha nafuu, mengine hayakuonyesha. Lakini kwa wengi haudhuru, na unapooza.

Kogo pia alimpaka mafuta kila baada ya kuoga, mwili ungali na unyevu. Hili, wasomaji wangu, hata daktari alilisifu. Ngozi yenye magamba hupoteza maji haraka, na baridi ya Njoro mwezi wa saba au ukavu wa mwezi wa kwanza huizidishia mipasuko. Mafuta ya nazi, mafuta mazito ya kawaida ya kujipaka yasiyo na manukato, yote hufunga unyevu ndani. Bei yake ni ndogo na kazi yake ni kubwa.

Jua nalo ni dawa, lakini ni dawa yenye kipimo. Mionzi yake hutuliza ile kinga iliyochachamaa, na mahospitalini kuna taa maalumu za kazi hiyo. Lakini sisi tunakaa karibu na Ikweta, tena juu, karibu mita 1,850 kutoka usawa wa bahari. Jua letu halichezi. Dakika chache za asubuhi ni sawa. Kuanikwa mchana kutwa kama mahindi ni kuungua, na ngozi iliyoungua huota mabaka mapya.

Halafu kuna maji ya moto. Jirani mmoja alimshauri mama aende Kekopey, karibu na Ziwa Elmenteita, ambako watu huoga katika chemchemi wakiamini zinaponya ngozi. Mwingine akasema, "Enda Bogoria, hiyo ndiyo ina nguvu." Nguvu inayo kweli! Chemchemi za Bogoria hutokota na watu huchemshia mayai, kwa hivyo anayetaka kuingiza mguu mle afikirie yai kwanza. Imani hii si ya kwetu tu. Watu wenye soriasisi husafiri kutoka nchi nyingi hadi Bahari ya Chumvi, kati ya Israeli na Yordani, wakae majuma kadhaa wakioga na kuota jua, na wengi hupata nafuu. Ila pale pako zaidi ya mita 400 chini ya usawa wa bahari, jua linachujwa na hewa nzito, na daktari huwapimia muda. Maji ya maziwa yetu ni ya magadi makali, nayo hukausha ngozi. Kuoga maji ya vuguvugu nyumbani kisha kujipaka mafuta hakuhitaji nauli ya matatu.

Mpaka hapo Kogo na daktari ni marafiki. Ugomvi unaanza kwenye dawa kali. Nimesikia watu wakipaka oili chafu ya gari, asidi ya betri, magadi, kitunguu saumu. Wengine husugua magamba kwa jiwe la kusugulia miguu mpaka damu itoke, eti uchafu umeganda. Sikilizeni kwa makini. Soriasisi ina tabia moja ya ajabu iliyoelezwa na daktari Mjerumani aitwaye Köbner katika karne ya 19: mahali ngozi inapoumizwa, baka jipya laweza kuota palepale. Mkwaruzo, mchomo, hata mshipi unaobana. Kwa hivyo anayesugua ili aondoe baka moja, anapanda mengine. Ni kama kupalilia shamba kwa kumwaga mbegu za magugu.

Hatari nyingine inavaa koti jeupe. Mama alinunua kwenye duka moja la dawa krimu ya kuchanganywa, ndani ya kikopo kisicho na jina. Siku nne tu ngozi ikawa laini kama ya mtoto. Tulishangilia! Akapaka miezi mingi. Alipoiacha, magamba yalirudi kwa kishindo, mara mbili ya mwanzo, na ngozi ikawa nyembamba yenye michirizi. Daktari alieleza kwamba huenda ilikuwa na steroidi kali. Steroidi yenyewe si sumu, hata yeye alimwandikia. Lakini alimwandikia ya nguvu inayofaa, kwa siku zilizohesabiwa, na namna ya kuipunguza. Krimu nyingine zinazouzwa mitaani za kung'arisha uso zina dawa hizohizo. Dada zangu, mmenisikia?

Chanzo chake ni nini? Nyumbani kwetu tuliambiwa mengi: laana, jicho baya, maji ya kisima. Ni kweli maji ya pande zetu yana floridi nyingi, na meno ya wengi wetu yenye rangi ya kahawia ni ushahidi. Lakini floridi hiyo ni kesi ya meno. Haijulikani kuleta soriasisi.

Kinachojulikana ni kwamba mtu huzaliwa na mwelekeo, mara nyingi kutoka katika ukoo, kisha kitu fulani huja kuuamsha. Kwa vijana, mwamshaji mkuu ni yale maambukizi ya koo yaletwayo na bakteria. Vipele kama matone hufuata baada ya majuma mawili au matatu. Mnamkumbuka yule wa kidato cha kwanza? Yeye hakuhitaji magadi. Alihitaji mtu wa kumtazama koo. Mwamshaji mwingine ni mawazo mengi. Mama huwa mbaya zaidi karo inapokaribia, nami sasa najua kwamba barua za karo nilizobeba mfukoni zilikuwa na uzito kuliko nilivyodhani. Pombe na sigara huchochea. Baadhi ya dawa, zikiwemo aina fulani za dawa za shinikizo la damu, huweza kuuzidisha, ingawa mtu asiache dawa zake bila kumwona aliyemwandikia. Virusi vya UKIMWI pia huweza kuufanya ujitokeze kwa ukali. Lakini tafadhali, msigeuze hili kuwa umbea mpya. Wengi wenye soriasisi hawana virusi hivyo, na aliye navyo ni binadamu vilevile.

Tena ugonjwa huu hauishii kwenye ngozi. Hata watu 3 kati ya 10 walio nao huweza kushikwa na viungo: vidole huvimba, kisigino huuma, asubuhi mgongo ni mgumu. Mtu akipaka mafuta tu akapuuza vidole, viungo vinaweza kuharibika wasirudi. Hapo ndipo ujuzi wa Kogo unapofikia ukingoni, na yeye mwenyewe alikiri hivyo.

Najua kuna watakaosema, "Wewe unaongea kwa urahisi. Hospitali ni foleni, daktari wa ngozi ni wa kutafutwa kwa tochi, na hata huko hawaponyi." Nakubali, na sitaki kudanganya. Soriasisi haina dawa ya kuimaliza kabisa mpaka leo. Madaktari wa ngozi ni wachache na wengi wako Nairobi. Sindano mpya zinazoituliza vizuri zina bei ya kumshinda muuza mandazi. Lakini si kila kitu ni sindano. Mafuta, dawa ya lami, asidi ya salisiliki ya kulainisha magamba, krimu zilizopimwa, vidonge kwa waliozidiwa: yapo ya kuanzia. Wala si lazima kila mara uanze na daktari bingwa. Kule Moshi, Tanzania, tangu 1992 kuna kituo cha mafunzo ya ngozi kinachowafundisha maafisa wa kliniki kutoka nchi nyingi za Afrika, kwa sababu hiyohiyo ya uhaba. Afisa aliyefunzwa akitazama vizuri anaweza kukuokolea miaka sita. Hesabu mama alichotumia kwa hiyo miaka: vikopo, nauli, waganga wawili, na wateja waliohama kibanda chake wakisema, "Usinunue kwa huyo, ako na ngozi mbaya." Kutojua kulitugharimu kuliko hospitali.

Basi tufanyeje? Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila atokwaye na kitu kwenye ngozi apelekwe kwa muuguzi wa shule kabla ya bweni kufanya mkutano. Upele na choa huambukiza kweli na vina dawa zake. Ndiyo maana lazima kujua ni kipi. Pili, kanuni ya dawa ya nyumbani iwe hii: ikilainisha na kupoza, karibu, ikiwasha, ikichoma au ikichubua, kwaheri, hata kama ameileta rafiki wa chanda na pete. Tatu, tarehe 29 Oktoba huadhimishwa duniani kuwa siku ya soriasisi. Chama chetu kinaweza kuigiza mchezo mfupi kwenye gwaride juma hilo. Michezo ya kuigiza kuhusu mapenzi tumeshiba.

Na godoro lirudi mahali pake. Nilisema mambo matatu, lakini hili si pendekezo. Hili ni deni letu sote.

Yule wa kidato cha kwanza alitibiwa koo na vipele vikapungua, ingawa alama za kitunguu saumu bado anazo. Mama naye bado ana magamba, siku nyingine mengi, siku nyingine kidogo. Siku ya wageni iliyopita alifika na kikapu chake, akasimama nje ya lango akiwa ndani ya sweta lile lile, jasho likimtiririka. Nilimkimbilia. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Leo mimi ni nani hapa?"

Nilishindwa kujibu. Nilimvua sweta, nikalikunja, nikalibeba mimi. Kisha nikamshika kiwiko, nikampeleka kwenye meza ya darasa letu na kusema kwa sauti, "Huyu ni mama yangu. Mandazi ni haya."

Yaliisha kabla ya chai kupoa. Kalamu naiweka chini.